Ngazi Yangu na Huyo Karma

Ngazi yangu ni ya alumini, ina vipandio 12, na hivi niandikapo imeegemea ukuta usio wangu. Naiona kutoka barazani kila ninapoinua kikombe cha kahawa. Jirani aliijia siku moja kabla ya fainali, apande afunge dishi. "Nusu saa tu, mzee wangu." Mwaka wa tatu huu. Ndani ya nusu saa hiyo tumefunga Ramadhani tatu, na kitinda mimba wake aliyekuwa akitambaa sasa hunipita asubuhi na begi la chekechea mgongoni akaniamkia: "Shikamoo, babu."

Ningesema basi, ngazi ni chuma tu. Lakini anaikodisha! Mafundi wa rangi humjia alfajiri, humpa shilingi 150, huifunga juu ya tuktuk, na jioni huirudisha. Kwake. Ngazi yangu ina madoa ya rangi za nusu ya nyumba za Kisauni, na hakuna hata doa moja la rangi ya nyumba yangu. Wiki iliyopita nilibadilisha globu ya sebuleni nikiwa juu ya kiti, kiti kikiwa juu ya meza, na mama watoto ameshika meza huku akinisomea mapema yale ambayo husomewa mtu baadaye.

Nimemdai mara tatu. Mara ya kwanza alisema kesho. Mara ya pili alinuna, kana kwamba mimi ndiye niliyemkopa. Mara ya tatu, Ramadhani iliyopita, hakusema kitu. Jioni yake alimtuma mtoto na sahani ya tende imefunikwa kwa kawa. Tende laini, za kutoka Omani. Nilizila kwa hasira, zote. Sahani bado iko kabatini kwangu, kwa sababu kwetu sahani ya watu hairudi tupu, nami nimeapa haitiwi hata kitumbua kimoja mpaka ngazi irudi. Lakini hayo ni ya pembeni. Tunazungumza habari ya ngazi.

Aliyeniingiza katika mambo haya ni binti yangu. Alinisikia nikinung'unika, akasema bila kuinua macho kwenye simu: "Baba, si umwachie karma?"

Nikadhani amesema Karama. Huku kwetu akina Karama ni chungu nzima, na mmoja nasikia ana usemi kwa chifu, kwa hiyo nilifurahi. "Nambari yake unayo?" Alicheka mpaka akaiweka simu chini, jambo ambalo sijaliona tangu ainunue. Kisha akanionyesha. Kumbe vijana wote wanamjua. Karma anaona. Karma halali. Karma hana haraka. Nikauliza: mtu halali, na bado hana haraka, anafanya kazi ofisi gani huyo?

Mimi si mtu wa kumwachia kesi wakili nisiyemjua. Nikaenda kumuuliza habari zake.

Neno ni la Kihindi, basi nikaanza kwa mzee mmoja wa Kihindu anayeuza mithai mjini, ambaye nimekuwa nikinunua jalebi kwake tangu nikiwa na meno yote. Jambo la kwanza aliloniambia lilinivunja moyo. Karma, katika Kisanskriti, maana yake ni kitendo. Si malipo, si adhabu, si askari. Malipo yana neno lake, nalo ni tunda. Yaani binti yangu alikuwa akiniambia nimwachie kitendo, na mimi kitendo nilishatenda: niliazimisha.

Mzee anapenda kusimulia, na jalebi zilikuwa bado motoni. Akanieleza kwamba katika Brihadaranyaka, mojawapo ya Upanishadi za kale kabisa, kuna mkutano wa wanazuoni katika baraza la mfalme Janaka, na mmoja wao, Artabhaga, anamuuliza bingwa Yajnavalkya mbele ya watu: mtu akishakufa, pumzi yake ikarudi upeponi na jicho lake likarudi kwenye jua, yeye mwenyewe anakuwa wapi? Yajnavalkya akamwambia, nipe mkono twende kando, hili si la hadharani. Wakatoka wawili, na walichonong'onezana huko ni karma. Hapo nilimpenda Yajnavalkya. Barazani kwetu pia neno la maana halisemwi mpaka muuza kahawa apite.

Kisha akaniletea mfano wa mishale. Kuna iliyo ndani ya podo, nayo ni matendo ya maisha yote yaliyopita yanayosubiri zamu. Kuna uliokwisha kufyatuliwa, nao ndio maisha haya unayoyaona; haurudi. Na kuna ulio kwenye upote sasa hivi, ambao bado una hiari nao.

"Sasa hii ngazi yangu," nikamuuliza, "ni mshale wake upi?"

"Huenda ni mshale wako," akasema. "Huenda zamani, maisha mengine, wewe ndiye uliyemchukulia yeye."

"Ngazi?"

"Labda punda."

Nimekwenda kushitaki, natoka mshitakiwa, na jalebi nimelipa. Akanifuata mpaka mlangoni kunituliza na maneno ya Krishna kwa Arjuna katika Bhagavad Gita, kwamba la mtu ni kutenda, matunda asiyafanye kuwa shauri lake. Nikamwambia hilo tunalo tayari, na la kwetu ni fupi zaidi: tenda wema nenda zako. Nilitenda wema, nikaenda zangu. Ngazi nayo ikaenda zake.

Nikampigia simu tajiri wangu wa zamani. Nilimfanyia kazi miaka 26 katika duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi ndiyo aliyoniagia nilipostaafu. Wengine huagwa kwa saa ya mkononi. Nashukuru Mungu, maana saa jirani angeiazima pia.

Tajiri ni Mjaini. Sisi zamani tuliwaita wote Mabaniani tukamaliza, hatukujali nani Mhindu na nani Mjaini, ingawa hekalu lao jeupe la marumaru liko pale Barabara ya Langoni na kila aendaye Mji wa Kale hulipita. Ndiye mtu pekee ninayemjua aliyezeekea Mombasa bila kuonja kiazi karai. Mjaini aliyeshika dini barabara hali kinachochimbwa: si kiazi, si kitunguu, si thomu, si karoti, wala muhogo, kwa sababu ukiking'oa mmea umekufa wote na viumbe wasiohesabika wanaouzunguka mzizi wamekwenda nao. Alikuwa hamkatazi mtu, lakini sisi makarani tulikuwa tukila muhogo wa kukaanga nyuma ya mapipa ya rangi, kimya, kama watu wanaovuta bangi.

Kwa Wajaini karma ni kitu hasa. Ni vumbi. Chembe ndogo mno zimeenea ulimwengu mzima, na roho ikichafuka kwa hasira, kiburi, hila au tamaa, zinaigandia kama vumbi linavyomgandia mtu aliyejipaka mafuta. Wamezigawa aina kuu 8: ipo inayofunika elimu ya mtu, ipo inayopima umri wake, na ipo inayomzuia kupata kitu hata kikiwa mbele ya macho yake. Hiyo ya mwisho nikaishuku mara moja. Kufunga na kujinyima ndiko kunakoliunguza vumbi lililokwisha kuganda.

"Ala! Ngazi ile?" tajiri akasema. "Ile ilikuwa ngazi nzuri. Nani amekasirika?"

"Mimi."

"Yeye hakukasirika?"

"Yeye anakoroma. Namsikia."

"Basi vumbi liko kwako."

"Na ngazi?"

"Ngazi iko kwake." Alisema vile vile alivyokuwa akisoma stoki mwisho wa mwezi.

Haki yake nimpe, kwa upande wake alikuwa hana mchezo. Kila mwaka, mwezi wa nane au wa tisa, siku zao za Paryushan zikimalizika, alikuwa akishuka dukani amefumba viganja, anampitia mmoja mmoja tangu mhasibu hadi hamali, na kusema, "Micchami dukkadam," yaani anaomba yafutike yote aliyotukosea, kwa kujua na kwa kutojua. Mtunza ghala wetu, Mungu amrehemu, alimjibu mwaka mmoja kwamba amemsamehe yote isipokuwa ile Disemba ambayo bonasi haikutoka. Tajiri akatikisa kichwa, akasema ndiyo maana huja kila mwaka.

Wabudha hapa Mombasa simjui hata mmoja. Lakini nina mpwa Dar es Salaam, Upanga, na huko kuna hekalu lao lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka tangu zama za mkoloni. Nikamtuma. Akaniletea ujumbe wa sauti wa dakika 11, nusu yake honi za bajaji.

Budha, asema mpwa, alilipokea neno karma akaligeuza ndani nje: kitendo chenyewe hasa ni nia. Sasa hapo mimi nina tabu. Naamini kabisa kwamba siku ile jirani alinuia nusu saa. Nia ilikuwa safi, ni ngazi tu iliyochelewa. Halafu kuna la tumbo. Mwezi wa nne jirani aliharisha siku tatu mfululizo, nikamwambia mama watoto, umeona, imeanza. Lakini mpwa asema mtu mmoja aitwaye Sivaka alimwendea Budha kuuliza kama kila linalompata mtu ni malipo ya aliyoyatenda zamani, na Budha akakataa. Alimhesabia nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, mabadiliko ya hali ya hewa, uzembe wa mtu mwenyewe na mengineyo. Matendo ya kale ni sababu moja tu katika orodha. Kwa hiyo huenda zilikuwa mbaazi zilizolala. Hata tumbo la jirani nikanyang'anywa.

Upo pia mfano wa chumvi. Bonge la chumvi ukilitia kikombeni maji hayanyweki; bonge lilo hilo ukilitupa mto Ganges hakuna atakayejua. Ndivyo kosa dogo linavyomlemea mtu mwembamba wa wema, na kupotelea ndani ya mtu mpana. Kwanza, mtu wa Mombasa usimpe mfano wa chumvi kupotelea majini, maana maji yetu yenyewe ni chumvi. Pili, naujua uchungu wa mfano huu. Jirani ni mtu mpana. Mazishini ndiye wa kwanza kushika jeneza, harusini ndiye anayekesha na masufuria. Ngazi moja kwake ni nini?

Mpwa alimalizia kwa onyo. Budha aliyataja mambo manne ambayo akili isijaribu kuyachimba, na moja ni namna matendo yanavyozaa malipo yake. Anayeng'ang'ana nalo huishia kwenye wazimu na adha. Mama watoto akaniomba niirudie sehemu hiyo. Nikairudia. Akaniomba tena.

Binti yangu, aliyejifunza Kichina hadi akapata kazi kwenye reli, akaona nataabika bure. Akanipa habari za Yuan Huang, mtumishi wa serikali ya China wakati wa ukoo wa Ming, aliyezaliwa 1533. Mtabiri alimwambia hatapata mtoto wa kiume na atakufa na miaka 53. Kisha mtawa mmoja wa Kibudha akamwambia ajali hubadilishwa kwa matendo, na akampa daftari: wema unaandikwa, ubaya unaandikwa, unatoa hiki katika kile. Yuan akaweka nadhiri ya mema 3,000. Yalimchukua zaidi ya miaka kumi. Mtoto wa kiume akampata, na akaishi kupita 70. Mkewe hakujua kuandika. Kila akitenda wema alichovya shina la unyoya wa bata bukini katika wino mwekundu na kupiga duara kwenye kalenda, na ziko siku alipiga maduara zaidi ya kumi.

Hili nililipenda. Mimi ni karani. Nikanunua daftari la kurasa 96, nikapiga mstari katikati.

Jumatatu: sikumuuliza shemeji ataondoka lini. Wema, 1. Jumanne: nimeitikia salamu ya jirani kwa moyo mkunjufu. Wema, 1. Mama watoto akalichukua daftari, akafuta "kwa moyo mkunjufu." Niseme hapa kwamba mama watoto ni mwalimu mstaafu. Hana unyoya wa bata, lakini kalamu nyekundu anayo, na mkono wake haujasahau. Jumatano: nimempa ombaomba shilingi 20. Pembeni, kwa wekundu: ile noti ya 50 iliyochanika uliyompa muuza maji je? Ilipofika Ijumaa upande wangu ulikuwa na mistari minne, na upande wa pili yeye alikuwa amegeuza karatasi.

Lakini kilichonikatisha tamaa hasa ni huyo Yuan mwenyewe. Baadaye aliweka nadhiri ya mema 10,000, akateuliwa hakimu wa wilaya ya Baodi, mkewe akawa na wasiwasi yatatimia lini. Usiku mmoja Yuan akaota anaambiwa kwamba yote 10,000 yameshatimia, kwa sababu alikuwa amewapunguzia wakulima kodi ya mashamba. Mara moja tu! Kumbe hata huko wakubwa wana njia yao ya mkato. Mimi karani mstaafu nina kodi ya nani ya kupunguza? Nikalifunga daftari. Sasa linaandikiwa deni la maziwa.

Kwa mchungaji wa kanisa la pale stendi ya tuktuk sikukaa. Nilitaraji anipe habari ya kupanda na kuvuna. Yeye akanipa Ayubu, na hakunipa Ayubu mwenyewe bali rafiki zake, wale waliokaa naye siku saba bila neno, wakaja kuharibu walipofungua vinywa kumwambia lazima kuna kosa alilotenda. Akaniuliza lile tumbo la jirani nilimwambia nani na nani. Nikamwambia nachelewa daladala. Mombasa hatuna daladala.

Ikabaki dawa ya wazee. Utotoni mwangu kitu kikiibwa mtaani watu hawakungoja karma. Ilitangazwa kwamba Ijumaa itasomwa halbadiri, na usiku wa Alhamisi masufuria yalikuwa yakirudi yenyewe, na kuku na baiskeli. Yakisomwa majina ya watu wa Badri na ubani unafuka, hata asiyeiba alikuwa akipapasa mifuko. Nikatamka tu neno hilo mezani, mama watoto akaacha kula.

"Halbadiri haichagui nyumba," akasema. "Na ile sahani?"

"Ile ni sahani ya tende."

"Ni sahani ya watu."

Basi nikaenda kwa sheikh, baada ya Isha, watu wakishapungua. Hakutaka hata kusikia la halbadiri. Lakini aliponiona nilivyonyongea akaniuliza, "Unamjua muflisi ni nani?" Nikasema ni mimi. Akasema hapana, muflisi ni yule atakayekuja siku ya Kiyama na swala zake na saumu zake na zaka zake, kumbe huyu alimtukana, na huyu alimlia mali yake. Basi zitachukuliwa thawabu zake apewe huyu na huyu, na zikimalizika kabla madeni hayajesha, zitachukuliwa dhambi za wale aliowadhulumu, atwikwe yeye.

Wallahi niliona mwanga. Baada ya mishale na vumbi na chumvi, hatimaye mahakama yenye tarishi! Miaka mitatu ya ngazi, na kodi ya shilingi 150 kwa siku juu yake. Na jirani, kama nilivyosema, ni mtu wa mema mengi. Mali ya kukamata ipo. Nikaanza hata kuchagua ni dhambi zangu zipi nitakazompa endapo zake zitapungua. Kuna za 1984 hivi nilizokuwa nikitafuta pa kuziweka.

"Na wewe," sheikh akauliza, "huwa unamsema?"

"Sana," nikajibu kwa fahari. "Kila siku, tangu Alasiri mpaka adhana ya Magharibi."

"Nyuma yake?"

"Mbele yake nitasemaje, sheikh, na ngazi bado iko kwake?"

Akatabasamu, na sheikh akitabasamu namna ile ujue umekwisha. Akanieleza kwamba kusengenya nako ni deni, na hulipwa kwa sarafu ile ile. Kwa hiyo miaka mitatu, kila jioni, mbele ya mashahidi na muuza kahawa, nimekuwa nikimtumia jirani thawabu zangu kama mtu anayetuma M-Pesa, bila hata makato. Ndiyo maana ananawiri! Ngazi yangu anayo, na swala zangu za Alasiri anazo. Ili kunifariji akanisimulia habari ya Hasan al-Basri, yule mwanazuoni wa Basra, aliyeambiwa kwamba kuna mtu anamsengenya, naye akampelekea mtu huyo sahani ya tende kumshukuru kwa zawadi ya thawabu zake.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka tu kwamba njiani nilikuwa nikijaribu kuhesabu zile tende zilikuwa ngapi.

Nikamwambia mama watoto aitoe ile sahani kabatini, akaange vitumbua kesho asubuhi na mapema, airudishe. Hakuuliza kitu. Alipanda kwenye kile kiti, akaishusha, akaifuta vumbi kwa upindo wa leso.

"Afadhali," binti yangu akasema, macho kwenye simu. "Jirani keshawachosha watu na hiyo sahani. Kila anapokaa ni hadithi hiyo hiyo, mzee wa watu amekalia sahani yangu ya mahari ya mama."

"Anamwambia nani?"

"Kila mtu. Mafundi. Muuza kahawa. Jana nimemsikia mpaka kwa kinyozi."

"Kila siku?"

"Kila siku, Baba."

Nikamfanyia mama watoto ishara asishuke kwanza kitini. "Na kwa kinyozi," nikauliza, "kulikuwa na watu wangapi?"